Kununua nyumba ukiwa umestaafu au umebakiza miaka miwili mitatu: hatua kwa hatua

Shikamooni wakubwa zangu. Naandika hii kwa sababu maswali ni yale yale, mtu akikaribia kustaafu simu zinaanza, "mwanangu nimeonyeshwa nyumba Chanika, milioni 55, dalali anasema kuna mtu mwingine anakuja na hela kesho, nifanyeje?" Usifanye kitu. Huyo mtu wa kesho yupo kwenye kila nyumba inayouzwa nchi hii.

Mwongozo ni wa Tanzania Bara (Zanzibar wana sheria zao za ardhi, msichanganye). Ni kwa yule aliyetumika miaka thelathini, leo Songea kesho Tabora, akakaa kota au nyumba za kupanga, akasomesha watoto, sasa ana 57 au 62 na hana pa kwake. Mko wengi sana kwahiyo acha kuona aibu, aibu ndo inafanya watu wanunue haraka haraka.

Kijana akipigwa ana mshahara wa mwezi ujao, we mkupuo wako wa mafao ya kustaafu unaingia mara moja tu. Kwahiyo hatua zote hapa chini nimezipanga hivi: karatasi zinatangulia, hela inatoka mwisho.

Kwanza, kwanini sisemi "jenga"?

Ukiwa tayari na kiwanja na boma limefika kwenye linta, malizia, hamna shida. Lakini kuanza msingi na hela ya mafao ukiwa na miaka 60 mimi sishauri. Unajua inavoenda: msingi unakula, tofali zinakula, nondo zinapanda bei, fundi anakuomba advansi ya msiba, ukifika kwenye bati hela imekata na wewe bado unalipa kodi ya nyumba. Mapagale mengi unayoyaona pembeni ya mji yalianza hivo hivo. Nyumba ndogo iliyokwisha, vyumba viwili na sebule, ni bora mara mia.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kitambulisho cha NIDA, namba ya TIN na picha za pasipoti. Jina liwe moja kwenye karatasi zote, kama NIDA inasema Mwanaidi na karatasi za kazini zinasema Mwanahidi, nyoosha sasa hivi.
- Hesabu ya mafao kwa maandishi kutoka mfuko wako wa pensheni, PSSSF au NSSF. Usipige hesabu kwa kumwangalia rafiki yako aliyestaafu 2015. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilibadilika Julai 2022, mkupuo ukawa asilimia 33 ya mafao, halafu kwenye bajeti ya 2024/25 serikali ikapandisha, waliokuwa wanapata mkupuo wa asilimia 50 zamani wakawekwa 40 na waliokuwa wanapata 25 wakawekwa 35. Inayobaki inakuja kidogo kidogo kama pensheni ya kila mwezi.
- Wakili WAKO. Sio wa muuzaji, sio "wakili wetu" wa dalali. Jina lake litafute kwenye mfumo wa e-Wakili uone kama anaruhusiwa kufanya kazi.
- Mtu mmoja wa kutembea naye, mwanao au mdogo wako, anayejua kunyamaza mbele ya muuzaji. Yule wa kushangaa "eeh baba hii nyumba nzuri!" abaki nyumbani.

Hatua ya 1: Panga bei kabla ya kuona nyumba

Tuseme mkupuo ni milioni 80. Nyumba isizidi 50 au 55. Najua inauma, lakini juu ya bei kuna wakili, mthamini, ushuru wa stempu asilimia 1, ada za usajili, dalali (wengi wanataka asilimia 10, ulizia mapema nani anamlipa), kuhama, kupaka rangi, na mabomba ambayo lazima yatavuja mwezi wa kwanza. Itakayobaki ni ya dawa na ya kula, maana pensheni nayo huwa inachelewa kuanza.

Mkopo wa nyumba upo, riba inacheza kwenye asilimia 13 mpaka 19 kwa mwaka, ila benki nyingi zinataka uwe umemaliza kulipa kabla ya kustaafu. Ukiwa na miaka 57 maana yake unalipa ndani ya miaka mitatu, rejesho linakuwa jiwe. Kama unataka njia hiyo ianze ukiwa na 45. Na mkopo wa wastaafu ule wa kukatwa kwenye pensheni usiuchukue "kumalizia bei", hapo utakuwa na nyumba nzuri na huna hela ya mboga.

Hatua ya 2: Chagua mahali kwa ajili ya mwili wa miaka 75

Sahau gari lako. Jiulize siku huwezi kuendesha utafikaje hospitali, na sio zahanati ya kupima malaria, nasema hospitali yenye kliniki ya presha na sukari. Panda daladala mwenyewe kutoka kwenye hiyo nyumba mpaka hospitali, asubuhi, uone.

Ndani ya nyumba angalia vitu ambavyo vijana hawaangalii. Choo kiwe cha kukaa na kiwe ndani. Mlango wa bafu upime, upana wake upitishe kiti cha magurudumu au angalau watu wawili mmoja akimshika mwenzake. Kizingiti kirefu cha bafuni, vile vinavyojengwa maji yasitoke, ndo kinachovunja nyonga za mama zetu. Ngazi za kuingilia zikiwa zaidi ya mbili tatu hakikisha kuna sehemu ya kuweka mteremko na chuma cha kushikilia.

Kama unafikiria fleti za NHC (Shirika la Nyumba la Taifa) au za kampuni, hati yake ni ya sehemu ya jengo, kuna sheria yake ya mwaka 2008. Sio mbaya kwa wazee, ulinzi upo na majirani wapo mlangoni. Ila kuna mchango wa huduma wa kila mwezi usioisha maisha yako yote, na lifti ikifa we wa ghorofa ya nne unafanyaje? Chukua ya chini.

Hatua ya 3: Ione nyumba kwenye ubaya wake

Mchana wa jua kila nyumba nzuri. Rudi usiku, usikie kama kuna baa au mashine ya kusaga. Rudi mvua ikinyesha, kwa Dar na Pwani subiri masika ya Machi mpaka Mei kama unaweza. Ukikuta rangi mpya imepakwa chini tu, kimo cha goti kuzunguka nyumba nzima, inama uiangalie vizuri, kwaruza na ufunguo, mara nyingi chini yake kuna mstari wa tope. Maji yalifika hapo. Angalia na soketi za umeme, nyumba ambayo soketi zote zimepandishwa juu kuliko kawaida wenyewe wameshajifunza.

Angalia pia alama ya X. Nyekundu maana yake uko ndani ya hifadhi ya barabara na unaondoka bila fidia, ya kijani maana yake barabara ndo imekufuata na fidia ipo. Wauzaji wanapaka rangi juu yake. Barabara kuu na za mkoa hifadhi yake kwa sheria ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, lakini kuna sehemu ni zaidi, wale wa Kimara mpaka Kiluvya mwaka 2017 walipimiwa mita 121.5 na nyumba zikaenda. Kwahiyo usipime kwa macho, ulizia TANROADS, au TARURA kwa barabara za mitaa. Na mtoni ni hivyo hivyo, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye kingo.

Halafu ongea na jirani, sio yule dalali aliyekuonyesha. Nunua maji dukani, kaa kwenye benchi, uliza "hii nyumba kwanini inauzwa?" Utasikia mambo.

Hatua ya 4: Jua unauziwa karatasi gani

*Hati miliki.* Ndo ya juu kabisa. Inakuwa ya miaka 33, 66 au 99. Soma ilianza lini! Hati ya miaka 33 iliyotolewa 1996 inaisha 2029, inaweza kuhuishwa lakini hiyo kazi na gharama zake unanunua wewe, punguza bei.

*Ofa, yaani barua ya toleo.* Mwenyewe alipewa kiwanja lakini hakumalizia hati. Inanunulika, ila mwambie amalizie hati kwanza kwa jina lake ndo akuuzie.

*Leseni ya makazi.* Ya muda mfupi na inahuishwa. Iko sana maeneo ya zamani ya Dar yasiyopimwa.

*Mkataba wa serikali ya mtaa tu.* Hapa ndo nyumba nyingi zilipo, na ndo wanapolia wengi. Sisemi usinunue kabisa, ila kwa hela ya mafao mimi ningetafuta iliyopimwa hata kama ni ndogo na mbali kidogo. Ukiambiwa "urasimishaji unakuja", yaani eneo litapimwa na watu wapewe hati, ulizia ofisi ya ardhi ya halmashauri kama mtaa huo umeshapimwa kweli na ramani imeidhinishwa. Na ile asilimia 10 ya bei anayodai mwenyekiti wa mtaa haina sheria, usilipe kwa kuambiwa ni lazima. Mwenyekiti anakufaa kama mtu anayemjua muuzaji, mhuri wake haukufanyi kuwa mmiliki.

Hatua ya 5: Fanya sachi

Hatua hii hairukwi hata kama muuzaji ni padri au shemeji yako. Sachi ni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, wakili wako anaomba kwa namba ya hati, unalipia kwa kontrol namba, unapewa karatasi inayosema mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki au hamna, kuna zuio la mahakama au la mtu au hamna. Siku hizi kila mkoa una ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi kwahiyo hakuna haja ya kufunga safari ndefu.

Makosa ninayoyaona kila siku:
- Kuletewa sachi na muuzaji. Yako uombe wewe.
- Sachi ya miezi minne iliyopita. Fanya mpya, na wiki ya malipo rudia tena.
- Kuridhika na kopi. "Original iko kwa kaka yangu Mwanza" mara nyingi tafsiri yake ni iko benki.

Hatua ya 6: Muuzaji ni nani, na nani mwingine ana sauti?

Ana mke au mume? Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Hiyo ridhaa iwe ya maandishi, asaini mbele ya wakili wako, na umuone kwa macho, mambo ya "mke wangu yuko kijijini nitamsainisha" hapana. Akisema hajaoa, aape kiapo. Akiwa na wake wawili, muulizie anayekaa humo.

Kama ni nyumba ya marehemu, unayeongea naye ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio mtoto mkubwa na sio baba mdogo mwenye sauti. Omba barua ya usimamizi, nenda mahakama iliyoitoa ukathibitishe namba ya shauri, na warithi wote wasaini kwamba wamekubali kuuza. Hati yenyewe inatakiwa kwanza ihamie kwa jina la msimamizi. Mrithi mmoja aliyeko Afrika Kusini ambaye "hana neno" ndo huyo huyo atakuja na kesi, na madai ya ardhi yana miaka 12 ya kufunguliwa. Piga hesabu, una 61, ongeza 12.

Hatua ya 7: Hakikisha nyumba iko kwenye kiwanja chake

Usicheke. Lipa mpima ardhi aje na kifaa chake, mkiwa na ramani ndogo iliyo kwenye hati. Bikoni ni kile kipande cha zege chenye chuma katikati na herufi na namba zilizoandikwa juu, futa udongo, soma, linganisha na ramani moja moja kona zote nne. Nyumba za ukuta mrefu ndo za kuangalia zaidi, unakuta ukuta umemeza mita tatu za jirani au za njia, na jirani ananyamaza mpaka siku mwenye pesa mpya amehamia.

Hatua ya 8: Mkataba na malipo

Kaeni ofisini kwa wakili wako, siku moja, watu wote: muuzaji, mwenzake wa ndoa, mashahidi wa pande zote. Mkataba uwe kwa Kiswahili kama Kiingereza chake kinakupa shida, usisaini kitu ambacho umesomewa harakaharaka. Uandike bei kamili, hela italipwa kwa awamu gani, nani analipa kodi gani, siku ya kuhama, na hela inarudi vipi kama uhamisho ukikwama.

Mnaweza kugawa hivi: kidogo mkisaini, kubwa muuzaji akishasaini fomu zote za uhamisho na kumkabidhi wakili wako hati halisi, ya mwisho hati ikishatoka kwa jina lako na nyumba ikiwa tupu. Hizo fomu (29, 30 na 35) asaini SIKU HIYO HIYO ya mkataba, usimwache aondoke na ahadi.

Lipa benki kwa benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile la kwenye hati. Sio M-Pesa ya dalali, sio keshi kwenye mfuko wa rambo. Na bei iandikwe ya kweli, kuna watu wanashauri uandike ndogo kukwepa kodi, halafu mambo yakiharibika unadai mahakamani milioni 20 wakati ulilipa 55.

Hatua ya 9: Kuhamisha hati

Mthamini aliyesajiliwa anathamini, ripoti inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. TRA wanakokotoa kodi ya ongezeko la mtaji, kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida aliyopata muuzaji, na asiye na kumbukumbu za gharama zake kuna hesabu ya asilimia 3 ya thamani. Hiyo kodi kisheria ni ya muuzaji ila mtaani wanapenda kukutupia, ndo maana nikasema iandikwe. Pango la ardhi liwe limelipwa, yote, deni la nyuma ni la muuzaji, likatwe kwenye bei. Ombi la kibali cha uhamisho linaenda, kikitoka mnalipia stempu na usajili, msajili anaandika jina lako.

Inachukua muda. Miezi, sio wiki. Mpigie wakili, usimpigie dalali, yeye kazi yake iliisha siku alipopewa chake.

Hatua ya 10: Jina gani liandikwe?

Kama mko wawili andikeni mawili, umiliki wa pamoja, mmoja akitangulia nyumba inabaki kwa mwenzake moja kwa moja. Umiliki wa hisa ni tofauti, hisa ya marehemu inaenda kwenye mirathi, hiyo inafaa zaidi kama kila mmoja ana watoto wake wa nje, mwambieni wakili mapema. Kuandika jina la mtoto "ili kupunguza usumbufu" sikubaliani nako kabisa, mtoto anaoa, anakopa, anaachika, na nyumba ni yake kwenye karatasi. Andika wosia badala yake, RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanakuandikia na kukutunzia.

Ukihamia, badilisha jina la mita ya LUKU na maji, hakikisha hamna deni (kodi ya majengo yenyewe inakatwa humo humo kwenye LUKU), na badilisha vitasa vyote siku ya kwanza.

Ukikwama

*Sachi inaonyesha rehani.* Sio mwisho. Wakili wako anaandikiana na benki, sehemu ya bei inalipwa moja kwa moja kwa benki, benki inatoa hati na barua ya kufuta rehani. Muuzaji akikataa njia hii, ondoka.

*Umeshalipa advansi na muuzaji anazungusha.* Wakili aweke zuio kwa Msajili haraka ili asiuze kwa mwingine, halafu barua ya madai. Ikishindikana ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui.

*Hati imepotea.* Aripoti polisi, atangaze, aombe nakala mpya kwa jina lake mwenyewe kabla hajapokea shilingi yako.

*Kuna wapangaji ndani na wamelipa mwaka.* Ama unasubiri mkataba wao uishe na kodi iliyobaki inapunguzwa kwenye bei, ama muuzaji anawarudishia hela yao. Usikubali kazi ya kuwatoa iwe yako.

*Mafao yamechelewa na siku ya malipo imefika.* Hili linatokea sana. Usikopee. Ndo maana mkataba usisainiwe kabla hela haijaingia, au kama lazima, tarehe za malipo zihesabiwe kuanzia siku mafao yanapoingia kwenye akaunti na sio tarehe ya kalenda. Muuzaji wa kweli atakubali.

*Muuzaji amefariki katikati.* Kama fomu zilisainiwa na hati iko kwa wakili wako una pa kusimamia. Kama hazikusainiwa, tulia, toa pole, subiri msimamizi wa mirathi ateuliwe, peleka mkataba na risiti za benki kama mdai wa mirathi, na usimpe hela iliyobaki ndugu yeyote hata akija na karatasi ya kikao cha ukoo.